MADA YA 9: KUOANISHA UTETE NA KIPULIZIO CHA KLARINETI

Katika mada iliyopita tuliona kuwa ala za kupuliza hugawanywa kwa kuangalia kitu kinachotikisa hewa, si kwa kuangalia ala imetengenezwa kwa mbao au kwa shaba. Ukipita usharika wowote wa Kilutheri kuanzia Machame hadi Marangu siku ya sikukuu utasikia bendi ya tarumbeta. Pale kinachotetema ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Katika filimbi, hewa hukatwa na ukingo wa tundu. Katika klarineti na saksofoni kinachotetema ni utete mmoja, na katika zumari ya pwani ni tete mbili zinazogongana. Ndiyo maana saksofoni huwekwa kundi moja na klarineti ingawa ni ya shaba mwili mzima.

Jaribio. Kata kikonyo cha jani la mpapai, chenye uwazi ndani. Acha upande mmoja ukiwa umezibika kwa fundo lake la asili. Karibu na upande huo, pasua mpasuko mwembamba wa sentimita tatu hivi kufuata urefu wa kikonyo. Osha utomvu, ingiza mpasuko wote mdomoni, kisha puliza. Watoto wengi wa vijijini wanaijua tarumbeta hii, na karibu kila kitu kilichomo katika mada hii kimo ndani yake: ukuta wa mpasuko ni utete, na bomba la kikonyo ni mwili wa ala. Ukikifupisha kikonyo sauti hupanda. Ukipuliza kwa nguvu mno mpasuko hujifunga na sauti hukatika. Likumbuke jambo hili la mwisho, tutalirudia.

Sehemu za klarineti zinazotuhusu

Utete ni kibanzi chembamba kilichochongwa kutoka mmea wa jamii ya matete uitwao Arundo donax. Mmea huu hulimwa zaidi kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Var. Kipulizio ni kile kipande cha juu kinachoingia mdomoni, na kwa kawaida hutengenezwa kwa eboniti, yaani mpira uliokaushwa kwa salfa hadi ukawa mgumu. Kibano hushika utete kwenye kipulizio. Chini yake hufuata mwili, ambao katika klarineti nzuri ni wa mpingo, mti unaoota Tanzania na Msumbiji kwa wingi kuliko kwingine. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Mjini Moshi kuna mradi wa kuuhifadhi na kuupanda mti huu, ulioanzishwa mwaka 1996 na Sebastian Chuwa pamoja na Mmarekani James Harris. Klarineti nyingi za shule, hata hivyo, ni za plastiki, na mtahiniwa asidhani kuwa hilo ndilo linaloharibu sauti. Mara nyingi tatizo liko sentimita chache tu kutoka mdomoni.

Kosa linalojirudia katika majibu ni kuandika kwamba "utete hutoa sauti ya klarineti". Utete ni mlango. Hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde na kuruhusu hewa iingie kwa mafungu. Kinachoamua sauti iwe ya juu au ya chini ni urefu wa safu ya hewa ndani ya bomba. Upande wa utete huhesabiwa kuwa umezibwa, kwa hiyo klarineti hufuata kanuni ya bomba lililozibwa upande mmoja.

Mfano. Sauti ya chini kabisa ya klarineti ya B-bemoli ina frikwensi ya 147 Hz. Ikiwa kasi ya sauti ni 344 m/s, tafuta urefu wa safu ya hewa.

f = v ÷ 4L, hivyo L = v ÷ 4f = 344 ÷ (4 × 147) = 344 ÷ 588 = 0.585 m, yaani karibu sentimita 59.

Bomba la urefu huohuo lililo wazi pande zote mbili lingetoa 294 Hz, oktava moja juu. Ndiyo sababu klarineti, ingawa si ndefu, hushuka chini kuliko filimbi inayokaribiana nayo kwa urefu.

Mwanya wa ncha na namba ya utete

Weka utete juu ya kipulizio na uutazame kwa ubavu. Utaona kuwa haukulala wote. Karibu na ncha, uso wa kipulizio hupinda na kuacha mwanya. Upana wa mwanya huo hupimwa kwa milimita, na tofauti zake ni ndogo mno kwa macho. Kipulizio cha Yamaha 4C, kinachokuja na ala nyingi za wanafunzi, kina mwanya wa 1.05 mm. Vandoren B45 kina mwanya wa 1.195 mm. Tofauti haifiki hata 0.15 mm, lakini mpigaji huisikia tangu pumzi ya kwanza.

Utete nao huandikwa namba, kwa kawaida kuanzia 1½ hadi 5. Namba hiyo haielezi unene. Tete za aina moja kutoka kampuni moja huchongwa kwa vipimo vilevile, na namba huonyesha ugumu wa mmea wenyewe. Tena namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine: Vandoren 2½ ya kawaida huwa ngumu kama Rico 3 hivi. Mwanafunzi anayenunua kwa kutazama namba peke yake anabahatisha.

Kanuni ya msingi ni hii: mwanya ukiwa mkubwa, chagua utete laini zaidi, mwanya ukiwa mdogo, chagua utete mgumu zaidi. Sababu yake ni kwamba utete lazima upinde umbali wa mwanya wote ili ufunge. Umbali ukiwa mkubwa na utete ukiwa mgumu, mapafu na midomo hufanya kazi ya ziada. Umbali ukiwa mdogo na utete ukiwa laini, hewa yenyewe huubana na kuufunga, kama ulivyofanya mpasuko wa mpapai. Urefu wa ile sehemu iliyopinda nao una uzito wake: ikiwa ndefu, kipulizio huweza kupokea utete mgumu kidogo kuliko mwanya unavyodokeza.

Dalili utazijua hivi. Utete ulio laini mno kwa kipulizio chake huvuma kama nyuki, sauti hushuka chini ya ile ya wenzako, noti za juu hukataa, na ukipuliza kwa nguvu kila kitu hunyamaza. Ulio mgumu mno hutoa pumzi nyingi na sauti kidogo, midomo huchoka baada ya dakika chache, na kupiga polepole hushindikana. Kwa anayeanza na kipulizio cha mwanya wa 1.05 mm, utete wa 2 au 2½ unatosha. Maoni ya mwandishi ni kwamba usikimbilie kununua kipulizio kipya. Badili utete kwanza, maana bei zake haziko karibu hata kidogo, na kipulizio kipya kitakulazimisha kutafuta tete upya.

Kabla ya kulaumu namba

Utete unaweza kuwa wa namba sahihi na bado ukakataa kwa sababu umepinda. Lowesha utete, ufunge, ondoa kipulizio kwenye ala, ziba tundu la chini kwa kiganja na ufyonze hewa yote. Ukiutoa mdomoni, utete unaokaa sawasawa hushikilia kwa sekunde moja au mbili kisha huachia kwa mlio mdogo. Ukiachia papo hapo, hewa inavuja. Huenda utete umejipinda, umewekwa upande, au kibano kimelegea. Kibano kikazwe kiasi cha kuzuia utete usihame tu. Kukikaza mno huubana utete usitetemeke.

Hali ya hewa ya Kilimanjaro huchangia sana. Januari na Februari mjini Moshi kuna joto na ukavu, na utete ulioachwa juu ya ala hukauka ncha ikajikunja mawimbi. Mwezi Julai kule Kibosho au Marangu kuna ubaridi na unyevu, na utete uleule huhisi mzito. Ala baridi pia hushuka sauti, kwa kuwa kasi ya sauti hupungua karibu 0.6 m/s kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Basi bendi ikipanda kutoka mjini kwenda kupiga milimani, ipashe ala joto kwa pumzi kabla ya kulinganisha sauti, na kila mpigaji abebe tete tatu au nne anazozipokeza zamu, zimelazwa juu ya kipande cha kioo bapa. Pale ambapo klarineti moja inatumiwa na wanafunzi kadhaa, kipulizio kioshwe kwa maji ya uvuguvugu (ya moto huharibu eboniti) na kila mmoja awe na utete wake. Utete hauazimwi, kama mswaki usivyoazimwa.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini saksofoni haiwekwi kundi moja na tarumbeta? (alama 3)

2. Safu ya hewa katika klarineti ina urefu wa 0.43 m. Ikiwa kasi ya sauti ni 344 m/s, kokotoa frikwensi yake ya msingi. (alama 4)

3. Neema amezoea utete wa namba 3 kwenye kipulizio cha mwanya wa 1.05 mm. Shule imempa kipulizio cha mwanya wa 1.195 mm, na sasa sauti yake imejaa pumzi na midomo inachoka haraka. Eleza chanzo cha tatizo, kisha mshauri anunue utete wa aina gani na afanye jaribio gani kabla ya kununua. (alama 8)

Dokezo la swali la 3: usiishie kutaja kanuni. Mtahini anatafuta sababu inayohusisha umbali ambao utete unapinda na ugumu wake, na anatafuta neno "kuvuja".