Wetu na Wenu: Mapenzi, Siasa na Sarufi ya Utengano

Utangulizi

Katika majarida ya vyama vya Kiswahili vyuoni, ni ada makala kuanza kwa kukisifu Kiswahili. Tumesoma, na wengi wetu tumeandika, kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja inayoyafunga pamoja makabila zaidi ya arobaini. Mimi pia niliandika hivyo katika insha yangu ya mwaka wa kwanza, nikatuzwa alama nzuri. Makala haya hayakanushi dai hilo, ila yanalitilia shaka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu: baadhi ya maneno yaliyotumiwa kuwatenga Wakenya hayakutoka katika lugha za mama, bali katika Kiswahili, tena Kiswahili kisicho na kosa la kisarufi. Ya pili ni ya kibinafsi, na msomaji ataniwia radhi kwa kuichanganya na isimu. Mnamo Januari 2008 mimi mwenyewe nilimtamkia mtu niliyempenda maneno mawili ya Kiswahili sanifu, na nusura yanikoseshe maisha yote niliyoishi baadaye.

Zoezi la upatanisho

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mhadhiri alitugawa katika vikundi vya watu watano ili tufanye zoezi la upatanisho wa kisarufi. Ilipofika jioni tulikuwa tumebaki wawili, maana wenzetu watatu walikuwa wameifuata fulana ya bure kwenye mkutano wa kampeni. Tukaanza kubishana juu ya neno makala. Yeye alishikilia “makala haya”, mimi “makala hii”. Siku ya pili akaja na daftari lenye mifano kumi na minane aliyoinakili magazetini kwa mwandiko wa kupendeza. Nilishindwa, na katika kushindwa huko nikajigundua natafuta ubishi mwingine.

Sikuwa nimetarajia. Mama alikuwa amekwisha kunitajia binti wa jirani, mtu wa kwetu, na kusema kweli sikuwa na pingamizi. Huyu hakuwa wa kwetu. Sitayataja makabila yetu. Najua msomaji Mkenya amekwisha anza kuyatafuta katika kila jina la mahali nitakalolitaja, na mazoea hayo ya kutafuta ni sehemu ya jambo ninalolizungumzia. Jijini Nairobi mtu akikuuliza “kwenu ni wapi?” haulizi njia ya kufika kwenu.

Hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiingereza, ambacho tulikiona ni cha mihadhara na barua za kuomba kazi, na Kiswahili. Basi tulipendana kwa Kiswahili. Wakati huo huo kampeni zilipamba moto, na katika mabweni yetu wanafunzi wakaanza kubadilishana vyumba kimyakimya. Hakukuwa na tangazo wala ugomvi. Mtu aliamka na kumkuta mwenziwe wa miaka miwili amehamia kwa “watu wake”. Kwenye ukumbi wa televisheni viti vya kulia vilikuwa vya upande huu, vya kushoto vya upande ule. Sisi wawili tuliyacheka mambo hayo, tukakaa katikati. Aghalabu watu husema jamii ya Kenya ilioza katika siku chache za mwisho wa Desemba. Mimi nadhani kuoza kulikuwa kumeanza zamani, kwa ustaarabu mkubwa, na tukakuita utani.

Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na Rais Kibaki akaapishwa usiku huo huo. Yaliyofuata yanajulikana. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki, ambayo ripoti yake ilitoka Oktoba 2008, ilihesabu waliofariki kuwa 1,133, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu.

Nilikuwa kijijini, mahali ambapo watu wa upande wangu walikuwa wengi na hakuna aliyetutisha. Yeye alikuwa Eldoret, ambako baba yake alikuwa na duka la nafaka tangu kabla hajazaliwa. Kadi za simu zilikuwa adimu, na ya shilingi hamsini ikiuzwa mia. Nilipompata alisema, “Tumelala uwanja wa maonyesho siku ya tatu sasa. Duka halipo.” Nilipaswa kusema pole. Lakini nilikuwa nimeshinda siku tatu kando ya redio pamoja na wajomba zangu, na kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno yao. Nikasema, “Lakini watu wenu nao wameiba kura.”

Alinyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayesahihisha zoezi, “Wenu, mimi na nani?” Simu ikakatika. Hajawahi kuniambia kama ni salio lililokwisha au ni kidole chake, nami sijathubutu kuuliza.

Madoadoa yaondolewe

Hebu tuliweke kando jambo langu na kulitazama neno ambalo nchi nzima inalifahamu. Doa ni alama inayochafua kitu, na wingi wake ni madoa. Neno hili likikaririwa likawa madoadoa, hupata maana ya vitu vilivyotapakaa huku na huku, kama tunavyosema vipandevipande. Ng'ombe wa madoadoa, kitambaa cha madoadoa: hakuna ubaya wowote. Lakini tangu machafuko ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Bonde la Ufa, na tena mwaka wa 2007, neno hili lilitumiwa kuwaita watu waliohesabiwa kuwa wageni katika eneo fulani, hata kama walizaliwa hapo.

Wengi wamelieleza kama sitiari ya uchafu, na maelezo hayo ni sahihi. Mtu ni doa, eneo ni kitambaa, na kitambaa kilikuwa safi kabla yake. Anayesema “tuondoe madoadoa” hajataja kuua wala kuchoma. Ametaja kazi ya dobi. Mama aliyemfulia mwanawe jana anaweza kuisikia sentensi hiyo bila kushtuka.

Ila ninaloliona zito zaidi ni la kisarufi, na ndilo ambalo sisi wanafunzi wa ngeli tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona. Kiswahili kina kanuni moja ya utu ambayo haikuandikwa na bunge lolote: kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa A-WA hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine. Twasema vipofu wameketi, madaktari wamegoma. Jambazi tunayemlaani humpa heshima hiyo pia: majambazi wamekamatwa. Hata mashetani wakimpanda mtu, twasema wamempanda. Sasa sikiliza: “madoadoa yaondolewe”. Ya-, si wa-. Msemaji akitamka “madoadoa waondolewe”, sitiari yake huvunjika papo hapo, kwa sababu kiambishi kitamkumbusha yeye na wasikilizaji wake kwamba wanaosemwa ni watu. Ili neno lifanye kazi yake, lazima kwanza liwanyang'anye watu hao upatanisho ambao hata shetani hanyimwi.

Neno hili halikuzaliwa katika redio ya lugha ya mama wala katika baraza la wazee wa kabila lolote. Ni letu, sisi tunaojiita wapenzi wa Kiswahili, na sababu iliyolifanya lifae jukwaani ni ile ile tunayoisifu: kila mtu hulielewa.

Nafsi ya pili, wingi

Kuna lugha duniani, mathalani Kimalei, zenye “sisi” za aina mbili: moja humjumuisha anayeambiwa, nyingine humwacha nje. Kiswahili hakitofautishi. Nikikwambia “nyumba yetu”, huwezi kujua kwa sarufi peke yake kama umo ndani au uko mlangoni. Wapendanao huuchezea utata huo kwa furaha. Nakumbuka siku aliyosema kwa mara ya kwanza “kazi yetu” akimaanisha lile zoezi, nami nikalala nikiwaza kama ni zoezi tu. Mwanasiasa naye huuchezea. Akipaza sauti kwamba “wakati wetu umefika” mbele ya umati mchanganyiko, kila mtu hushangilia, halafu baadaye, penye mikutano ya usiku, mipaka ya “wetu” ndipo hutangazwa.

“Wenu” hana utata kama huo. Huyo humtoa mtu waziwazi. Tena hufanya jambo jingine ambalo sikuling'amua hadi lile swali lake. Ningeweza kusema “watu wako”, nafsi ya pili umoja, na kosa lingebaki kosa, lakini angalau yeye angebaki mtu mmoja ninayeongea naye. Niliposema “wenu”, yeye aliyelala juu ya nyasi za uwanja wa maonyesho akiwa na viatu vya mguu mmoja mmoja vya jozi mbili, nilimtia katika wingi. Nilikuwa nazungumza na kabila zima kupitia simu ya shilingi mia.

Mapatano ya kitaifa yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi. Yetu yalichelewa zaidi. Chuo kilipofunguliwa alikaa safu ya mbele, asigeuke. Nikamwandikia barua ya kurasa nne ya kuomba radhi. Aliirudisha siku ya tatu, bila jibu, ila alikuwa amepigia mstari mahali pamoja tu, ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeandika “yaliyotokea kati ya watu wetu na watu wenu”. Sikujua kwamba nimeyaandika tena. Kurasa nne za majuto, na ndani yake kosa lile lile limekaa kama mwenyeji.

Ukiisoma Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi, utakuta Yasmin, binti wa Kihindi, akimpenda Denge, mwanaharakati anayeupinga utawala wa Waingereza Zanzibar, na kila mtu ana la kusema juu ya mapenzi hayo isipokuwa wenyewe. Tulikuwa tumeisoma wote wawili. Nilidhani kuisoma kunatosha. Waama, wahakiki tuna tabia ya kudhani tukishautambua ugonjwa katika riwaya basi sisi hatuuguzwi.

Posa

Haikuwa barua iliyotupatanisha, ilikuwa muda, na jumba la vitabu, na ubishi mdogomdogo ulioanza tena wenyewe. Mwaka wa 2011 wazee wa kwetu walienda kuposa. Kwa kuwa pande mbili hazikusikilizana kwa lugha za mama, posa yote iliendeshwa kwa Kiswahili. Mjomba wangu, yule yule wa kando ya redio, akasimama na kusema, “Tumekuja kwa watu wenu kwa heshima.” Nilikaribia kuanguka kitini. Lakini hakuna aliyekasirika. Mzee wa upande wa pili akajibu kwamba watu wenu mmekaribia, ketini. Maneno ni yale yale, na ukumbini hapo yalikuwa na adabu ya hali ya juu kabisa: kukiri kwamba huyu binti ana watu, hakuokotwa njiani.

Ndiyo maana nasitasita ninaposikia kwamba chuki itakomeshwa kwa kuorodhesha maneno. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inaitoa hotuba ya chuki katika uhuru wa kujieleza, na ni vyema. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka lile neno la madoa katika mkutano Eldoret, na Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Nakubaliana nayo. Lakini nani ataorodhesha “wenu”? Kijana mmoja ninayemfundisha aliniambia kwamba wao hawana tatizo hilo, maana waliojitokeza barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walijitangaza hawana kabila wala kiongozi. Nilifurahi kumsikia. Kisha nikamuuliza, kwa mazoea, “Nyinyi, wewe na nani?” Akacheka, akadhani namtania.

Baba mkwe hakurudi Eldoret. Duka liliteketea na magunia yalibebwa, baadhi yake na watu aliowafahamu vyema. Kilichonusurika ni daftari la madeni, kwa sababu mama mkwe alikuwa amelitia mkobani asubuhi ile. Majina yote yaliyomo ni ya majirani: nani alichukua debe la mahindi, nani kilo mbili za maharagwe, tarehe gani. Wageni wakimuuliza mzee ni akina nani waliomchomea, hajibu kwa jina la kabila. Hulileta daftari na kusema kwamba hawa anawajua, wale wengine hakuwaona. Anayataja mmoja mmoja.

Mwaka wa 2013 aliingiziwa shilingi 1,840 kwa M-Pesa kutoka nambari asiyoijua. Hapakuwa na salamu wala maelezo, ila jina la mtumaji lilitokea katika ujumbe, kama kawaida. Mzee alivaa miwani, akafungua daftari, akatafuta ukurasa kwa muda mrefu. Alipolipata jina aliomba kalamu, na pembeni yake akaandika: amelipa.