Baka Lisilowasha Lisidharauliwe

Katika vijiji vyetu karibu kila kitu kinachotokea juu ya ngozi huitwa upele. Mtoto akijikuna, ni upele. Mzee akiwa na baka mgongoni, ni upele pia. Jina moja likitumika kwa magonjwa mengi, dawa nayo huwa moja, na mara nyingine dawa hiyo ni maji ya betri yanayounguza ngozi. Leo tujifunze kuyatofautisha machache, na hasa ugonjwa mmoja ambao haumsumbui mtu hata kidogo mpaka umekwisha kumharibu.

Upele wenyewe huletwa na wadudu wadogo mno. Jike huchimba ngozi na kutaga mayai humo. Tazama katikati ya vidole, makwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Mwasho huzidi usiku. Wakijikuna watu wawili au watatu wa nyumba moja, yaelekea ni upele. Dawa ya zahanati ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni kushuka chini, na watu wote wa nyumba wapake siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Akipakwa mtoto peke yake, baada ya majuma machache mtarudi pale pale.

Mashilingi, ambayo wengine huita choa, huletwa na kuvu. Ni duara linalopanuka. Katikati hupoa, ukingo hubaki umeinuka wenye magamba. Huwasha. Mtu huweza kuambukizwa na mwenzake, hata na ndama, mbwa au paka. Dawa ya kuvu ipakwe kwa majuma kadhaa, wala isiachwe siku ile duara linapotoweka. Jihadhari na krimu za dukani za kung'arisha ngozi: nyingine hutuliza mwasho huku kuvu ikiendelea kusambaa. Mba pia ni kuvu. Madoa yake kifuani na mgongoni huwatia vijana aibu, lakini hayana hatari.

Sasa tuje kwenye baka la ukoma. Rangi yake hufifia kuliko ngozi nyingine, au huwa nyekundu kama shaba. Haliwashi, haliumi, na ndiyo sababu hukaa chini ya shati miaka mingi bila kuonyeshwa mtu. Vijidudu vyake, vilivyogunduliwa na daktari Hansen wa Norwe mwaka 1873, hukua polepole mno. Tangu mtu aambukizwe mpaka dalili zionekane huweza kupita miaka 5, hata 20. Vijidudu hivyo hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mishipa ikifa, mama hushika sufuria ya moto asijue anaungua, mkulima hukanyaga mwiba asishtuke. Vidonda hivyo visivyouma ndivyo vinavyooza na kula vidole. Si kweli kwamba vidole hudondoka vyenyewe.

Kupima ni rahisi. Sokota ncha ya pamba iwe nyembamba. Mwonyeshe mwenzako kwanza utakavyomgusa, kisha afumbe macho. Gusa ngozi nzima, halafu gusa baka, bila kuburuta pamba. Kila mara aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Akishindwa kuonyesha ndani ya baka, aende zahanati juma hili hili. Msitumie moto wala sindano. Lakini fahamuni kwamba baka la usoni huweza kuwa la ukoma na bado likasikia pamba. Tena kuna ukoma unaoanza kwa uvimbe mdogo mdogo masikioni na usoni. Kwa hiyo baka lolote lililofifia lisilopona lionyeshwe kwa mganga.

Ukoma hupona. Mwaka 1982 Shirika la Afya Duniani lilishauri mgonjwa apewe dawa mbalimbali kwa pamoja, na dawa hizo hutolewa bure. Hapa Tanzania kazi hiyo iko chini ya mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida humeza dawa miezi 6. Mwenye mengi zaidi, miezi 12. Mkojo huweza kuwa mwekundu siku ya dozi ya mwezi, na ngozi kuwa nyeusi kwa muda. Hayo yasimfanye mtu aache dawa. Akishaanza kuzimeza, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Kumfukuza mke au kumtengea sahani ni ukatili usio na faida yoyote. Wa nyumbani mwake waende wakapimwe ngozi, basi.

Wanakisomo, kipindi kijacho njooni na pamba mjaribu kupimana wawili wawili, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Mtazamane migongo kwanza, kwa kuwa huko mwenye mwili hajioni.