Safura: Ugonjwa wa Utumbo Unaochosha Moyo

Umekwisha kujifunza kwamba utumbo hufyonza chakula kilichosagwa, na kwamba moyo husukuma damu mwilini. Je, ugonjwa wa utumbo waweza kuudhuru moyo? Katika somo hili tutaona kuwa waweza. Tutatumia mfano wa ugonjwa uliowasumbua watu wa pwani yetu kwa miaka mingi, nao ni safura.

Fikiria mtoto wa Darasa la Tano anayeishi Madale, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Nyumbani kwao kuna shamba dogo la mihogo na migomba. Mvua za masika zimenyesha, na mtoto huyu anapalilia akiwa pekupeku. Siku nane zilizopita mtu fulani alijisaidia karibu na migomba hiyo. Katika kinyesi chake yalikuwamo mayai ya minyoo ya safura. Mayai hayo huanguliwa katika udongo wenye unyevu na joto kwa muda wa siku moja au mbili. Baada ya juma moja hivi mabuu yake huwa tayari kuingia mwilini mwa mtu. Ni madogo mno, hata huwezi kuyaona kwa macho.

Buu hutoboa ngozi ya mguu, mara nyingi katikati ya vidole, na mahali hapo huwasha. Tangu hapo safari yake ni ya ajabu. Huingia katika mshipa wa damu, hupelekwa mpaka moyoni, na moyo wenyewe hulisukuma kwenda mapafuni! Kutoka mapafuni hupanda hadi kooni, humezwa pamoja na mate, na kufika katika utumbo mwembamba. Huko hukua na kuwa mnyoo wenye urefu wa sentimita moja hivi. Moyo haudhuriwi na kupita huko. Madhara yake huanzia utumboni.

Mnyoo hung'ata ukuta wa utumbo, huujeruhi na kunyonya damu. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea sana huondoa damu kiasi cha mililita 0.03 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo, wala hakimdhuru mtu. Lakini tuseme mtoto wetu ana minyoo 200. Zidisha: 0.03 × 200 = 6. Kila siku hupoteza mililita 6 za damu, yaani zaidi ya kijiko kimoja cha chai.

Mwili huweza kutengeneza damu mpya, lakini si bila madini ya chuma. Chuma ndicho kinachoziwezesha chembechembe nyekundu za damu kubeba oksijeni. Mtoto anayekula ugali na mboga kidogo huwa na akiba ndogo ya chuma, nayo huisha upesi. Viganja, ulimi na upande wa ndani wa kope hupauka. Mtoto huchoka, husinzia darasani, na watu humwita mvivu. Hilo ni kosa, maana uvivu hauponi kwa vidonge. Wengine hupata hamu ya kula udongo. Watu wengi husema kuwa kula udongo ndiko kunakoleta safura. Mara nyingi mambo ni kinyume, kwani hamu hiyo huweza kutokana na ukosefu wa chuma. Hata hivyo udongo usiliwe, kwa kuwa huweza kuwa na mayai ya minyoo mingine.

Sasa tuutazame moyo. Fikiria watu kumi wanaojaza pipa kwa ndoo za maji kutoka kisimani. Wakinyang'anywa ndoo na kupewa makopo, na pipa ni lazima lijae kabla ya jua kutua, itawabidi kwenda mbio. Damu yenye chembechembe chache ni kama makopo hayo. Kila pigo la moyo hupeleka oksijeni kidogo, kwa hiyo moyo hulazimika kupiga haraka zaidi na kusukuma damu nyingi zaidi.

Jaribu hili. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja ukiwa umekaa. Kisha ruka kamba kwa dakika mbili, uhesabu tena. Mtu mwenye safura kali moyo wake huenda mbio hata akiwa amekaa.

Moyo ni msuli. Ukifanyishwa kazi hiyo usiku na mchana kwa miezi mingi, hupanuka na kudhoofika. Maji huvuja kutoka katika mishipa, miguu na uso huvimba, na mgonjwa hutweta hata akiwa amelala. Hali hiyo huitwa moyo kushindwa kufanya kazi, nayo huweza kuua.

Jambo hili limechunguzwa hapa nchini. Watafiti waliopima wanafunzi zaidi ya 3,500 wa kisiwa cha Pemba, na kutoa matokeo mwaka 1997, waliona kwamba karibu robo tatu ya upungufu mkali wa damu kwa watoto hao ilitokana na safura. Mwaka 2015 madaktari wa Muhimbili walieleza kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa na upungufu wa damu. Si kwamba wote walikuwa na minyoo, maana upungufu wa damu una sababu nyingi. Huko Uswidi, ambako safura si tatizo, kuna watu ambao kuta za utumbo wao huvimba na kutoka damu kwa miaka mingi bila mnyoo wo wote. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa hao nao hupatwa na ugonjwa huo wa moyo mara nyingi zaidi kidogo kuliko wenzao.

Safura hutibika. Dawa ya minyoo huua minyoo, na vidonge vya chuma pamoja na dagaa, maini na maharage hurudisha damu. Mgonjwa akiwahi hospitali, moyo wake kwa kawaida hurudia hali yake. Lakini asipovaa viatu, na shamba lisipopata choo karibu, mabuu yatamwingia tena masika yajayo.

Maswali

1. Mtoto wa Madale atapoteza mililita ngapi za damu kwa siku 30?
2. Kwa nini dawa ya minyoo peke yake haitoshi kwa mtoto aliyepungukiwa damu?
3. Chunguza mazingira ya shule yako. Ni mahali gani buu la safura laweza kuishi, na kwa nini?