MTIHANI WA LESENI YA PIKIPIKI: UMEMPISHA NANI?



Wengi wetu siku hizi twapeleka maziwa na mboga sokoni kwa pikipiki. Huku shambani hakuna askari wala taa za barabarani, basi mtu hujiona dereva kamili. Lakini njia zetu za vumbi huishia kwenye barabara kuu ya Nairobi na Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Huko malori na matatu hayamngojei mwanafunzi. Kwa hiyo somo letu leo ni maswali ya mtihani wa leseni.

Kwanza, hakikisha una haki ya kufanya mtihani. Yakupasa uwe umetimiza miaka 18 na uwe na leseni ya muda ya mwanafunzi. Maombi hufanywa katika mtandao wa Serikali wa eCitizen. Asiyeujua mtandao amwombe kijana wake amsaidie.

Pili, maswali ya ubao. Utaonyeshwa ubao uliochorwa mji mdogo, wenye njia panda, mzunguko na vivuko. Utapewa kigari cha kuchezea, kisha utaambiwa, "Toka hapa, nenda pale."

Mimi mwenyewe nilishindwa mara ya kwanza, ingawa nilisomea ualimu na kitabu nilikikariri chote. Niliambiwa nipite mzunguko nikielekea kulia. Nikataja taa, nikataja njia, nikasukuma kigari. Mtahini akauliza, "Umempisha nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejifunza maneno, sikujifunza kutazama.

Jibu lililo sawa hufuata utaratibu huu:

1. Tazama vioo, na nyuma yako.
2. Onyesha ishara ya kulia, kisha ushike njia ya kulia.
3. Punguza mwendo. Wapishe walio ndani ya mzunguko, wanaokuja kutoka mkono wako wa kuume.
4. Ingia ukizunguka kama mshale wa saa uendavyo.
5. Ukiisha kuipita njia iliyo kabla ya yako, onyesha ishara ya kushoto, tazama begani, utoke.

Tumia utaratibu huo kwa kila swali: tazama, onyesha ishara, pisha, ndipo uende. Kwenye kivuko chenye milia wapishe waendao kwa miguu. Penye reli, kama ile ya Nairobi na Thika ipitayo Ruiru, punguza mwendo, tazama pande zote mbili na usikilize. Garimoshi halipishi mtu.

Tatu, alama. Usizikariri moja moja kama majina ya ng'ombe. Anza na umbo lake. Pembetatu yenye ncha juu huonya. Pembetatu yenye ncha chini husema, "Pisha." Duara jekundu hukataza, na duara la buluu huamuru. Yenye pembe nane ni moja tu: "Simama."

Nne, sheria. Katika miji na vituo vya biashara mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Dereva na abiria wake wavae helmeti na koti linalong'aa, na abiria ni mmoja tu. Kumbuka, kwa mwendo huo pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukimwachia aliye mbele sekunde 2, una mita 28 tu za kujiokoa, na mizigo ya maziwa nyuma haikusaidii kusimama.

Maswali ya kujipima:

1. Unatoka njia ya shamba kuingia barabara kuu yenye magari ya upande mmoja tu. Hatari yatoka upande gani?
2. Soko liko mita 200 upande wa kulia, lakini pa kugeukia ni mbali. Je, waweza kwenda kinyume cha magari?

Majibu: (1) Mkono wa kuume, kwa kuwa Kenya twaendesha upande wa kushoto. (2) La, hata kama wengine wafanya hivyo. Nenda ukageuke panaporuhusiwa.

Chora mzunguko chini kwa kijiti, uweke vizibo vya chupa viwe magari, na mtoto wako awe mtahini. Kila ukisogeza kizibo, na akuulize, "Umempisha nani?" Siku utakapomjibu bila kusita, nenda kwenye mtihani. Na jibu hilo usiliache chumbani mwa mtahini, maana lori la Thika nalo litakuuliza, na halina mtihani wa pili.