Gigahezi Pekee Hazitoshi: Mafunzo Niliyopata Kihagara

Hapa Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa, nawachagulia watu kompyuta za mtumba na kuzitengeneza. Wengi ni walimu wanaoandaa matokeo na makarani wa vyama vya ushirika vya kahawa huko juu Mbinga. Swali lao la kwanza huwa lilelile: "Fundi, hii ina gigahezi ngapi?" Kache haiulizwi na mtu.

1. Prosesa hupoteza muda mwingi ikisubiri.

Prosesa ya gigahezi 3 hupiga hatua 3 kila nanosekunde moja. Data ikifuatwa kwenye ramu huchukua kama nanosekunde 60 hadi 100, yaani hatua 180 hadi 300 za kukaa bure. Ndiyo sababu ndani ya prosesa kuna kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa, kache, iliyopangwa kwa ngazi: L1, L2 na L3. Mwenye duka ataelewa upesi: L1 ni kaunta, L2 ni rafu ya nyuma, L3 ni stoo, na ramu ni safari ya kufuata mzigo Mbinga.

2. Kache inaweza kuishinda kasi.

Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya Celeron ya kwanza bila L2 kabisa, nayo ikadharaulika. Mwaka huohuo ikaja Celeron 300A yenye KB 128 tu za L2, lakini zinazokwenda kwa kasi ya prosesa yenyewe. Ikawatoa jasho Pentium II zenye KB 512, kwa kuwa kache ya hizo ilikwenda nusu ya kasi. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D: gigahezi chache kuliko 5800X, ila L3 ya MB 96 badala ya 32. Kwenye michezo mingi ya kompyuta ikampita ndugu yake.

3. Mpangilio wa data una nguvu kama ukubwa wa kache.

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Niliandika programu fupi ya kujumlisha jedwali la namba 4,000 kwa 4,000, kila namba baiti 8, jumla MB 128. Nikijumlisha mstari kwa mstari, jibu hutoka upesi. Nikishuka safu kwa safu, namba zilezile, mashine ileile, huchelewa mara kadhaa. Kache hailetewi namba mojamoja. Huletewa kifungu cha baiti 64, namba 8 zilizofuatana kwenye mstari. Anayeshuka kwa safu hutumia moja, na anaporudi kutaka ya pili, kifungu kimeshasukumwa nje ya L1. Jedwali la 500 kwa 500, MB 2 tu, lilienea ndani ya L3 ya MB 3, na tofauti ikapungua sana.

4. Kache haitibu kila kitu.

Kama ramu ni GB 2 na diski ni ya zamani ya kuzunguka, weka SSD na uongeze ramu kwanza.

5. Kagua kabla ya kulipa.

Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha gusa CPU. Chini utaona L1, L2 na L3. Kwenye Linux andika lscpu. Muuzaji akikuletea kompyuta mbili za bei moja, kizazi kimoja na ramu sawa, chukua yenye L3 kubwa, hasa kama kazi yako ni majedwali makubwa.