Mchezo wa zamani, bei ya chini: ninunue upi?

Swali: Ninaishi Kailo. Nina laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na umeme wangu ni wa sola. Kila nikifika Kindu kwenye intaneti naona michezo ya zamani imeshushwa bei. Nitajuaje upi unafaa?
*Msomaji, Kailo, Maniema*

Jibu: Ndugu yangu, usianze na bei, anza na uzito. Red Dead Redemption 2 wa mwaka 2018 hupunguzwa bei mara nyingi, lakini unataka nafasi ya GB 150 na RAM ya GB 8. Laptop yako haiuwezi, na bando la kuupakua litakumaliza. Stardew Valley wa 2016 unatosheka na MB 500 na RAM ya GB 2, tena una Kifaransa.

Pili, hakikisha unachezeka bila intaneti. Duka la GOG huuza michezo isiyo na kufuli: pakua faili Kindu, weka kwenye flashi, sakinisha nyumbani. Kwa michezo ya mpira, seva za matoleo mengi ya zamani zimeshafungwa. Kwa hiyo angalia kama wawili mnaweza kucheza kwenye mashine moja.

Tatu, duka la Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, nawe hujacheza zaidi ya saa 2. Basi ujaribu mchezo ukiwa bado Kindu.

Ukisita, acha. Mapunguzo hurudi kila mwaka, na mchezo wa zamani haupandi bei kirahisi.