Mdogo Wangu, Lango la Pili Umeliweka la Nini?

Wadogo zangu mnaotunza seva za shule, zahanati na sacco huku kwetu Bahati, kuanzia Kiamaina hadi Dundori, leo tukae chini tuongee. Malalamiko yenu yanafanana. Seva ilikuwa nzima, ukaiongezea kadi ya pili ya mtandao, na tangu siku hiyo watu wa nje saa hii wanaipata, saa ijayo hawaipati. Mkubwa anapiga simu, wewe unazima na kuwasha, tumbo linakusokota. Pole sana. Hujarogwa, na akili yako haina kasoro. Wengi waliokutangulia wamepita hapo hapo.

Najua ulivyofika huko. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ikakokota Afrika Mashariki, na nani hakutamani laini ya pili? Ukaivuta, ukachomeka, ukajaza kila kisanduku ulichoona kwenye skrini, pamoja na kile cha lango (gateway). Hapo ndipo ulipoteleza, mpenzi. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Hebu chapa ip route show. Ukikuta mistari miwili inayoanza na default, mmoja wa eth0 na mwingine wa eth1, ugonjwa umejulikana. Linux hutazama metric na kufuata yenye namba ndogo, basi. Tuseme ndogo ni ya eth0: ombi la mteja linaingia kwa eth1, jibu linatokea eth0 likibeba anwani ya eth1, na mwenye laini ya eth0 akiona anwani asiyoitambua huenda akalitupa. Ni sawa na mtu kubisha mlango wa mbele nawe umjibie dirisha la nyuma. Na kama rp_filter, kile kichujio cha Linux kinachokagua njia ya kurudi, iko 1, seva inalitupa ombi lenyewe kabla hata ya kulijibu, bila kusema neno. Kimya hicho ndicho kinachowakosesha wengi usingizi. Washa tcpdump kwenye kadi zote mbili uone mwenyewe: maombi yakiingia eth1 na majibu yasionekane popote, kamulike rp_filter, majibu yakichungulia eth0, shida ni njia. Usikimbilie kuzima faiawoli, nakukanya! Utaacha nyumba wazi na shida ibaki pale pale.

Sasa niambie ukweli, kadi ya pili ni ya kazi gani? Ikiwa ni ya kamera na printa za ndani, haihitaji lango hata kidogo. Lifute. Na kama inapata anwani kwa DHCP, jua DHCP huja na lango lake bila kualikwa. Kwenye netplan iwekee kadi hiyo use-routes: false chini ya dhcp4-overrides.

Ikiwa kweli ni intaneti ya pili, ipe jedwali lake la njia, tuseme namba 200, lenye default yake, kisha kwa ip rule uagize kila jibu linalotoka na anwani ya eth1 lifuate jedwali hilo. Angalia pia ruta zenu mbili zisiwe zote 192.168.1.1, maana nyingi hutoka dukani hivyo, na mtandao mmoja ukiwa pande mbili seva haijui igeukie wapi.

Tena usijidanganye kwamba metric itakuokoa laini ikikatika. Waya ukikatika baharini, ruta ya ofisini inabaki inawaka taa, kadi inaona mambo shwari, na seva inaendelea kumwaga paketi kwenye njia iliyokufa. Unahitaji programu ya kupima kama intaneti inafika mbele ya ruta na kubadilisha njia.

Na wewe unayefanya haya usiku ukiwa Nakuru mjini, seva ikiwa Bahati: haraka haraka haina baraka. Kosa moja tu umejifungia nje, na asubuhi wazazi wamepanga foleni kwa mhasibu asiyeweza kufungua hesabu. Kabla hujagusa chochote chapa shutdown -r +10. Badilisha kwa amri za ip tu, ambazo hufutika seva ikijiwasha upya. Ukijifungia, subiri dakika kumi itarudi ilivyokuwa. Ukiona yote yanaenda, chapa shutdown -c, ndipo uyaandike kwenye faili.